Walivyonitoa Arobaini Nami Sijazaa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na wale walioamka mapema wakawahi kwaya, na asifiwe pia na yule aliyeingia wakati wa matangazo kwa sababu kitanda kilimshika koti. Huyo wa pili ndiye jamaa yangu. Ndiye ninayemwandikia.

Wengine husimama kushuhudia jinsi Bwana alivyowatoa kwenye pombe, wengine kwenye uchawi, na kuna mzee mmoja kwetu alitolewa kinywani mwa mamba na hachoki kutuonyesha kovu. Mimi sina kovu. Mimi Bwana alinitoa kwenye godoro. Msicheke. Au chekeni, nimezoea.

Tangu utotoni mimi ni mtu wa ndani. Huko kwetu kwenye vilima vya Taita, dada zangu walipoteremka mtoni kutazamwa na wavulana, mimi nilibaki jikoni nikitazamwa na sufuria. Shuleni nilifika kidato cha nne, na katika miaka yote hiyo mwalimu wa michezo hakuwahi kujua jina langu. Nilipoolewa na Yohana, karani wa idara ya maji, nilifurahia mambo mawili: mume mpole, na nyumba yangu mwenyewe ya kutotoka. Kisha serikali ikamhamishia Garissa, na vita vya shifta, vya serikali na wapiganaji wa Kisomali waliotaka kujitenga baada ya uhuru, vikiwa ndiyo kwanza vimeshika moto.

Ndugu zangu, nitasema ukweli hata kama watoto wangu wanashangaa: niliipenda Garissa ile, na hadi leo naiota. Naota mabati ya nyumba za serikali yakialika jioni yanapopoa. Naota punda wakipanda kutoka mtoni na mapipa ya maji, matope ya Tana yamewakauka miguuni kama soksi. Upande ule ambao leo umejaa majumba na unaitwa Waberi, sisi tuliona vichaka na mbuzi tu. Na asubuhi ilikuwa sauti ya mwanamke mlangoni, "Aano! Aano!" ndiyo maziwa hayo, na kibuyu chake kimefukizwa moshi hadi chai yako inanukia kuni. Nimekunywa chai ya mahoteli tangu hapo. Hakuna.

Mwenye sauti hiyo tulimwita Eddo Dahabo. Eddo ni shangazi kwa Kisomali, na yeye alikuwa shangazi wa mtaa mzima, atake asitake. Mrefu, mkavu, na akikutazama unahisi umevaa nguo nje ndani. Mumewe alikuwa mfugaji upande wa Ijara, mwenye zizi la ng'ombe. Vita vikaja, ng'ombe wakachukuliwa, nao wakaingia mjini na mikeka, vibuyu na mbuzi wachache. Alijenga kibanda chake cha miti na mikeka nyuma ya nyumba zetu. Mimi aliniita Benina, kwa sababu jina langu la Penina lilikuwa na herufi asiyoihitaji.

Lakini vita ni vita. Jua likizama ilikuwa kafyu, kila mtu ndani. Zamani watu wa Garissa walilala uani kwa ajili ya joto. Sasa tulilala ndani ya mabati kama mikate, tukisikiliza milio ya risasi na kukisia iko mbali kiasi gani. Barabara haikupitika ila kwa msafara wenye askari. Sisi tuliotoka bara tuliwaogopa Wasomali, nao wakatuogopa sisi. Kwa kile kidato changu cha nne nilikuwa nimepewa darasa la kwanza nifundishe. Watoto wakapungua, wakapungua, hadi siku moja nikawa nafundisha madawati. Shule ikafungwa.

Basi nikalala.

Haikuja kwa kishindo, ndugu zangu. Siku ya kwanza nilisema nimechoka. Ya pili nikasema ni joto. Baadaye sikusema chochote. Naamka macho yamefunguka, na mwili uko pale kama gunia la mahindi la mtu mwingine. Kuoga lilikuwa jambo la safari. Kuchana nywele lilikuwa jambo la kwenda Nairobi kwa miguu. Wajukuu wangu leo wana jina lake, na redioni nimesikia wakisema sonona. Sisi hatukuwa na jina. Mke wa polisi aliyekaa nyumba ya tatu alikuwa nalo, alisema ni uvivu, na mimi nikamwamini, maana ushahidi wote ulikuwa upande wake.

Niliomba! Msidhani sikuomba. Nilimwomba Mungu aniletee nguvu pale pale kitandani, kama anavyoletewa mgonjwa chai. Nilisema, Bwana, nipe hamu kwanza, kisha nitaamka. Hamu haikuja. Mwisho nikaanza kuomba nisiamke kabisa. Hilo nimelificha miaka mingi, lakini kama naandika ushuhuda nikaliruka, nitakuwa nimeandika hadithi ya usingizi tu.

Yohana maskini akashika nyumba. Asubuhi anapokea maziwa mlangoni, anateka maji kwenye pipa la punda, anafua, anaanika magauni yangu kwenye kamba mbele ya ulimwengu wote. Alipika ugali ambao ungeweza kujengea choo. Nami nimegeukia ukuta.

Siku moja akakaa ukingoni mwa kitanda, akasema polepole, "Penina, nimekuombea nafasi kwenye lori. Msafara ujao. Nitakupeleka mpaka unapopanda, wengine watakufikisha kwa mama yako."

"Sawa," nikauambia ukuta.

"Si kwamba nakufukuza."

"Sawa."

"Sema hata hapana, basi!"

Sikuwa na hapana. Lakini nilijua, kama mtu anavyojua mvua kwa harufu: nikipanda lori lile nimelala, nitashushwa nimelala, nitaingizwa chumba cha utotoni nimelala, na sitatoka tena. Barabara yenyewe ilikuwa ya mabomu na kuviziwa. Hiyo haikunitisha hata kidogo, na kule kutotishwa ndiko kulikopaswa kunitisha.

Sasa sikilizeni kazi ya Bwana, maana haina adabu za kikanisa!

Asubuhi moja, Yohana yuko kazini, nasikia mlango unabishwa. Nikanyamaza, ndiyo iliyokuwa mbinu yangu. Mlango ukafunguliwa. Akaingia Eddo Dahabo na wanawake wawili nyuma yake, mmoja ameshika chetezo kinachofuka ubani, mwingine ana bakuli la hina na chupa ya mafuta. Chumba kikajaa moshi mtamu.

"Nabad, abaayo," akasema Eddo. Nabad ni amani, abaayo ni dada. "Leo nafika. Amka, sisi nakutoa."

"Mnanitoa wapi?"

"Nje. Arobaini nakwisha."

"Arobaini ya nani, Eddo?"

"Ya nani! Yako."

Ndugu zangu, kwa kitambo kidogo nilidhani nimekufa na hakuna aliyeniambia. Na nilivyokuwa, nikaona si habari mbaya sana.

Lakini wao hawakuwa na muda wa mawazo yangu. Walinishika, mmoja huku, mmoja kule, kwa mikono iliyozoea kuinua ndama. Wakanipeleka bafuni uani, wakanimwagia maji, wakanisugua kama sufuria ya pilau. Nikapakwa mafuta kichwani. Nikafungwa kanga. Nikafukizwa ubani chini ya nguo mpaka nikakohoa. Kubisha kungehitaji nguvu kuliko kutii, nami nikatii kwa uvivu. Nikavuka ua, nikavuka uchochoro, jua likanipiga usoni kama mtu aliyekuwa na kinyongo nami, nikaingia kibandani kwa Eddo Dahabo. Hapo ndipo nilipojua nimetoka nyumbani.

Wakaniketisha kwenye mkeka mzuri kuliko yote. Chai ya maziwa, iliki na tangawizi. Wakaniimbia kwa Kisomali, wakipiga makofi, na sauti zao zikapanda zikanitia baridi mwilini kwenye joto lile. Wakaanza kunipaka hina miguuni. Ndipo Eddo akanisogelea, akashusha sauti.

"Mtoto lilikuwa msichana au mvulana? Sisi hatuuliza siku zote hizi. Kuuliza iko fibaya. Lakini leo nataka kumwombea dua."

Nikaelewa yote kwa mara moja, kama taa iliyowashwa.

Kwao, mwanamke akijifungua hukaa ndani siku arobaini. Hatoki, hapiki, hatumwi. Siku ikitimia wanawake wenzake huja kumtoa, wakamwogesha, wakamfukiza, wakampeleka kuketi nyumba ya mwenzake. Wameona mwanamke amepotea ndani. Wameona mwanamume anafua na kuanika, na kwao mwanamume hafui ila mke amezaa. Kilio cha mtoto hawajakisikia, wakasema basi mtoto amefariki, tusimtoneshe kidonda. Wakawa wanaleta supu ya mbuzi na samli, na Yohana anapokea mlangoni anasema, "Mgonjwa anashukuru," na mimi kule ndani nikadhani wanauza.

"Eddo," nikasema, "hakuna mtoto. Mimi sijazaa."

Makofi yakanyamaza. Mwenye hina akainua kijiti chake juu ya kidole changu cha gumba.

"Kuzaa, hujazaa?"

"Sijazaa."

"Basi naumwa nini? Homa?"

"Hapana."

"Miguu nakataa?"

"Miguu mizima."

"Bwana yako nakubiga?"

"Yohana? Yule akiua mbu anamwomba msamaha."

Eddo akanitazama kwa yale macho yake. Akanitazama usoni, kisha akateremka, akaelekeza kidole katikati yangu. "Na tumbo, je? Sisi naona tumbo tangu Ramadhani!"

Ndugu zangu, ningesema nini mbele za Mungu? Nikasema, "Mandazi."

Kisha yule mwenye chetezo akaanguka ubavu. Mwenye hina akafuata. Eddo Dahabo, mwanamke yule mkavu, akajifunika uso kwa shela yake na mabega yakaanza kuruka. "Mandazi!" anasema, anapumua, anarudia, "Subhanallah, sisi nahesabu siku ya mandazi!" Na mimi, mimi niliyekuwa sijacheka tangu watoto walipopungua darasani, nikasikia mlio wa ajabu ukitoka kooni mwangu, kama mlango mkavu. Nilikuwa nacheka. Nikacheka mpaka nikalia, na kulia kukakaa zaidi ya kucheka, wala hakuna aliyeniambia nyamaza.

Nilipokwisha kulia, Eddo akanifuta uso kwa ncha ya shela.

"Ng'ombe yangu likikwenda," akasema, "mimi pia lilala. Natazama miti ya nyumba, hii, hii, hii. Watoto nalia njaa, mimi naskia kama watoto ya mtu mwingine. Dada yangu likuja."

"Akakuambia nini?"

"Hakuna kuambia. Lifunga mbuzi mlangoni, likwenda."

Akainuka, akatoka, akarudi akivuta mbuzi mweupe mwenye kichwa cheusi, kiwele kimejaa kimening'inia. Kumbe kwao ni desturi pia, mwenye uhitaji huazimwa mnyama anayekamuliwa mpaka maziwa yakauke, kisha humrudisha kwa mwenyewe. Alikuwa na mbuzi wachache tu baada ya zizi zima kwenda, nao ndio waliomlisha. Akanitia kamba mkononi.

"Hii siyo zawadi. Hii ya kukamua. Asubuhi, jioni. Usibokamua, kiwele nauma, yeye nalia, mimi naskia kule kwangu, nakuja kukubiga mimi mwenyewe. Umeskia, Benina?"

"Nimesikia, Eddo."

"Na usimalize mandazi yote."

Jioni ile nililala nikinuka ubani, na jambo moja likanikaa kifuani likakataa kutoka. Sikuwa nimefikiria mbuzi wala hina. Nilikuwa nafikiria ile hesabu. Siku zile zote nilizokuwa nimegeukia ukuta, nikiamini hakuna ajuaye kama nipo, upande wa pili wa uchochoro mwanamke aliyepoteza zizi lake alikuwa ananihesabia. Leo moja, kesho mbili. Amekosea sababu, lakini hesabu hakukosea. Nikasema, Bwana, kama Eddo Dahabo ameweza, Wewe umekuwa ukifanya nini? Na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu sikuliuliza hilo kwa hasira. Niliuliza nikijua jibu, na nikalala usingizi wa kweli. Haleluya!

Msidhani asubuhi niliruka kama mwanariadha. Mbuzi alilia, nikajifunika mto.

"Mgeni wako anakuita," akasema Yohana.

"Mkamue wewe."

Akaenda, mume wangu mtiifu. Nikasikia kikombe cha bati kikiruka, nikasikia Yohana akitaja jina la Bwana si kwa ibada. Akarudi suruali ya kazi imelowa. "Huyu hanipendi. Na anaumia, Penina. Njoo umtazame."

Nilikwenda kwa sababu ya kile kilio. Kilikuwa cha mnyama anayeumwa na hajui ni kwa nini, nami nilikijua kilio hicho. Nikakaa kwenye kizingiti, nikakamua, vibaya, nikapata kikombe kimoja na teke moja. Kisha nikarudi kulala! Ndiyo, ndugu zangu, nilirudi. Lakini nilirudi nimetoka, na hiyo ilikuwa tofauti. Kesho yake nikakamua nikabaki kizingitini mpaka kivuli kikaondoka. Siku nyingine nikaweka chai motoni kwa kuwa maziwa yapo mkononi. Hamu haikuwa imenijia kitandani hata siku moja. Ilinikuta uani, na mara nyingi nikiwa nimeshamaliza kukamua.

Siku ya msafara ikafika. Nafasi ya lori ilikuwa ingali yangu, maana mimi na Yohana hatukuwa tumesema neno, kila mmoja alimwogopa mwenzake. Alfajiri malori yakaanza kunguruma upande wa mtoni. Yohana alikuwa amefunga sanduku langu tangu jana yake, akatoka kumtafuta mtu wa kulibeba. Aliporudi akakuta kitanda kitupu. Alinisimulia haya baadaye. Akakimbia bafuni, hamna. Akakimbia uchochoroni, hamna. Akazunguka nyuma ya nyumba, akanikuta nimechuchumaa, nywele zimesimama kama nyasi, nagombana na mbuzi juu ya mguu wake wa kushoto.

"Penina! Lori linangoja!"

"Liambie liende," nikasema. "Huyu sijammaliza."

Akanitazama. Nikamtazama. "Unasema hapana?" akauliza.

"Nasema hapana."

Karani mzima wa idara ya maji akaketi chini kwenye mavi ya mbuzi, na suruali safi ya msafara, akalia. Tukasikia malori yakiondoka, moja moja, mpaka sauti ikaisha. Nikampa kikombe. Akanywa maziwa yote. Nimeishi miaka mingi na mtu yule kabla Bwana hajamwita, tukazaa watoto wa kweli, lakini nikitaka kumkumbuka, namkumbuka pale, masharubu meupe kwa maziwa.

Mbuzi alipokauka nikamrudisha, akaja mwingine. Vita vilipolegea Yohana akahamishwa tena, nikamrudisha na huyo. Nililia shingoni mwa mbuzi kuliko nilivyolia shingoni mwa mama yangu siku ya harusi, na Eddo Dahabo akasema Wataita ni watu wa ajabu. Baadaye nilisikia amekwenda upande wa Hulugho kwa ndugu zake. Nilituma salamu na madereva kwa miaka mingi. Kama yuko hai ni mzee sana. Kama hayuko, nina neno langu na Mungu juu ya mahali pake mbinguni, na sihitaji msaada wa mhubiri yeyote katika neno hilo.

Ule uzito umerudi, sitawadanganya. Umerudi mara kadhaa maishani. Mara ya mwisho nilikwenda hospitali, daktari akanipa dawa, nikazimeza na sikuona haya, maana Mungu aliyetuma chetezo anaweza kutuma vidonge. Lakini haujanipata tena nikiwa peke yangu, kwa sababu sasa nausema.

Kwa hiyo namalizia na wewe, ndugu yangu, uliyesoma haya umejifunika hadi shingoni. Ninakushukuru umefika mpaka hapa, najua ilikuwa kazi. Usingoje moyo upende ndipo mguu ushuke. Na kama mguu hauwezi, basi tumia mdomo: mwambie mtu mmoja, "Siwezi kuamka." Sema hivyo hivyo, bila mapambo. Mimi nilinyamaza, wakanijia kwa kukosea. Wewe sema, wakujie wakijua. Mtumaini Bwana. Hakunionea kinyaa nilipokuwa sijaoga wala sijachana, na hatakuonea wewe. Yuko upande wako wa mlango tayari.

Amina.